Kichwa Namba Thelathini na Mbili

Wifi yangu Prudence ana vichwa viwili vigumu. Kimoja kiko shingoni mwake. Kingine ni kichwa cha treni ya mvuke, ambacho yeye na wenzake wamekuwa wakikijenga kwa miaka katika karakana moja kando ya reli, upande wa Weston, hapa Kanada, na mpaka leo sijui ni kipi kati ya hivyo viwili chenye chuma kingi zaidi. Nasema hivi kwa haki yangu. Mimi ni mke wa kaka yake, Eustache, na wifi nisipomsema mimi atasemwa na nani?

Kwa kazi ni mchomeleaji. Siku za juma anachomelea vitanda vya hospitali kiwandani, na Jumamosi, wakati wanawake wenzake wa kanisani wako saluni au kwenye mazoezi ya kwaya, yeye anavaa buti na kwenda kuchomelea treni bila kulipwa hata senti. Amezaliwa Kalemie, ng'ambo ya ziwa kutoka kwetu Kigoma. Baba yake alikuwa fundi wa boila kwenye karakana ya reli ya huko, kwa hiyo moshi wa makaa anaujua tangu utotoni. Tunaishi naye jengo moja la ghorofa hapa mtaa wa Jane na Finch, yeye juu, sisi chini, na akitembea na yale mabuti yake dari letu linalia.

Aliyempeleka kwenye hiyo treni ni Kamil, mhandisi mmoja wa Arusha, mtu wa msikitini, mpole, shati limepigwa pasi kila siku. Walikutana kwenye basi la Finch. Prudence alikuwa kwenye simu akimtukana kwa Kiswahili fundi mwenzake aliyeharibu kiungo cha bomba, na Kamil, badala ya kujifanya hakusikia kama watu wenye adabu, akageuka akamuuliza kama anaweza kuchomelea chuma kinene. Alimweleza kwamba kulikuwa na aina fulani ya vichwa vya treni, vilijengwa thelathini na kimoja, vyote vikakatwakatwa vikauzwa kama chuma chakavu. Hakikubaki hata kimoja cha kuonyesha watoto. Sasa kikundi chao kinajenga kimoja kipya, kuanzia gurudumu hadi bomba la moshi, kwa kufuata michoro ya zamani.

Hapo ndipo nilipompoteza wifi yangu.

Sasa lazima niwaambie jambo la jina lake, maana bila hilo mtamwona ni mkorofi tu. Kabla yake nyumbani kwao kulikuwa na Prudence mwingine. Alikuwa mtoto mzuri, wanasema, mwenye sauti ya kuimba, akafa kwa surua. Wifi yangu alipozaliwa, bibi yao akasema Prudence amerudi. Akapewa jina la marehemu, akavishwa nguo za marehemu, na alipofika umri wa shule akaandikishwa kwa kadi ya ubatizo ya marehemu, maana kadi ilikuwapo na kutafuta nyingine ilikuwa usumbufu. Kadi hiyo ndiyo iliyozaa karatasi zake zote, hadi za Kanada. Kwa serikali yeye ni mkubwa kuliko umri wake. Mimi humtania kwamba atawahi pensheni, aninunulie kitenge.

Lakini kuna jambo ambalo sijawahi kumtania. Mume wangu, ambaye alikuwa anampenda sana yule wa kwanza, hajawahi kumtambulisha dada yake bila kuongeza maneno mawili. "Huyu ni Prudence, wa pili." Kwa mchungaji, kwa daktari, kwa jirani kwenye lifti. Wa pili. Nilimwambia mara nyingi aache. Akaniambia ni heshima kwa marehemu na mimi siyajui ya ukoo wao. Sawa, siyajui, lakini uso wa Prudence kila akilisikia hilo neno nilikuwa nauona.

Basi, treni ikakaribia kwisha, ukaja ubishi wa namba. Mzee mmoja Mkanada, mfadhili wao mkubwa, alitaka kichwa kipya kiitwe ishirini na saba, kwa sababu babu yake aliendesha ishirini na saba. Kamati ikaona ni wazo tamu. Bango la shaba likatengenezwa, zuri, linang'aa. Prudence akapewa vile vyuma vidogo vya kugongea namba, maana kwenye treni ya mvuke kila kiungo kikubwa hugongwa namba ya kichwa chake, ili fundi akifungua vichwa vingi pamoja ajue kiungo kipi ni cha kichwa kipi. Akaambiwa agonge ishirini na saba.

Akagonga thelathini na mbili.

Hakukosea, jamani, msije mkadhani. Kila Jumamosi aligonga kiungo kimoja kimoja kwa nyundo, mikono ya kuzungusha magurudumu, vikombe vya mafuta, milango ya tanuru, kote thelathini na mbili, namba inayofuata baada ya vile thelathini na kimoja vya zamani. Kisha akapaka grisi juu. Alinisimulia huku anakula ugali wangu na dagaa, ametulia kabisa. Nikamwambia watakufukuza. Akasema wanifukuze, chuma kimeshasema.

Waligundua wiki moja kabla ya siku ya kuwasha moto. Kamil akapiga simu nyumbani, sauti yake imekauka, akatuomba mimi na Eustache tuje, labda dada yetu atatusikia. Thubutu! Lakini tulikwenda.

Tuliwakuta wamesimama kando ya lile dude jeusi, kubwa kuliko nilivyofikiri, na mzee mfadhili ameketi kwenye kiti akiwa na bango la shaba mapajani. Kamil alianza kwa upole. Alisema mzee ameumia, kamati imeaibika, na namba zile zinaweza kusagwa zikagongwa upya, hakuna ugomvi. Halafu maskini akateleza. Alitaka kumweleza kwamba kichwa hiki ni cha kuiga tu, hakina haki ya namba mpya, na katika kulitafuta neno kwenye Kiswahili chake cha Arusha akasema, "Mama Prudence, hiki ni bandia tu."

Bandia. Kama noti bandia, kama kucha bandia. Nilifumba macho.

Prudence hakupiga kelele. Alikwenda mezani, akachukua mashine ya kusagia chuma, akaichomeka kwenye umeme, akaiweka sakafuni mbele yao.

"Papa Kamil," alisema, "mwenye kutaka kufuta, afute. Mashine iko hapa."

Hakuna aliyeinama. Eustache akamwambia aache utoto, kwamba kumpa mtu jina la aliyekufa ni kumheshimu, na hata yeye mwenyewe alipewa. Mimi nilimkanyaga mguu mume wangu, nikachelewa. Prudence alimgeukia, na hayo aliyoyasema aliyasema kwake, kwa Kiswahili chao cha Kalemie, si kwa kamati.

"Ile ishirini na saba ilikufa, Eustache. Iliheshimiwa, ilililiwa, basi. Hii haiko ile. Vis yake, skrubu zote, ni mupya, boila yake ni mupya, moto yake haijawaka hata siku moya. Kama muko naiita jina ya mufu, kila mutu atakuya kuiangalia atakuwa anamutafuta mwingine. Mi najua. Tangu nilizaliwa watu wananiangalia, wanamutafuta mwingine."

Mzee mfadhili alimuuliza Kamil amesema nini. Kamil alitafsiri yote, pole pole, bila kuruka neno, na alipofika kwenye bandia alisimama, akamwambia Prudence kwa Kiswahili, mbele yetu, kwamba neno lile alilitumia vibaya na analifuta. Nikamsaidia. Nikasema kwetu mtoto wa mwisho kuzaliwa tunamwita kitindamimba, na kitindamimba hata akichelewa miaka mingi, hata wakubwa wote wakiwa kaburini, hakuna anayemwita bandia. Kamil akalitafsiri hilo pia, ingawa lilimchukua maneno mengi.

Mzee alilifuta lile bango kwa mkono wa koti lake. Mwishowe alisema atalipeleka nyumbani, alitundike chini ya picha ya babu yake. Kisha akamwomba Prudence amwonyeshe ilipogongwa thelathini na mbili ya kwanza. Prudence akaipangusa grisi kwa kiganja, na mzee akapitisha kidole.

Usiku ule Eustache alijitafutia mkate na chai. Nami, kwa hasira niliyokuwa nayo, sikumpikia.

Siku ya kuwasha moto kulikuwa na baridi ya kukata masikio, na watu walijaa hadi kwenye theluji. Kanisa letu lilikuja, watu wa Kamil wa msikitini walileta sambusa. Prudence alikuwa juu kwenye chumba cha dereva, uso mweusi kwa makaa, anafoka mtu asiguse mahali. Filimbi ilipolia wanangu, ambao Kiswahili wanakisikia na kukijibu kwa Kiingereza, walipiga kelele za lugha zote mbili. Kile kichwa kikasogea, chenyewe, kwa mvuke wake. Nililia, sifichi.

Aliposhuka, mchungaji wetu mgeni, aliyetoka Bujumbura majuzi, alimuuliza mume wangu huyu mama wa mabuti ni nani.

"Huyu ni dada yangu," alisema Eustache. "Prudence."

Mimi nilikuwa nimeshakunja uso nikisubiri yale maneno mawili. Nilisubiri. Eustache alimpokea dada yake koleo la makaa, akalishika yeye, akanyamaza. Prudence alikuwa amesimama pale pale, naye alikuwa anasubiri, nilimwona. Kisha alinitazama mimi, maana mdomo wangu ulikuwa wazi.

"Wifi," aliniambia, "funga mdomo. Baridi itaingia."