Mbuzi Sita kwa Roho ya Theuri

Warigia wa Wamagana hakuwa mtu wa makelele. Majirani zake watawaambia hivyo hivyo. Lakini siku alipokuta mbuzi sita wamefungwa uani kwa shemeji yake, alipaza sauti hadi wachuma chai wa ng'ambo ya bonde wakasimama na vikapu mgongoni.

Ngojeni niwaeleze, msije mkamwona mkali bure. Mumewe, Theuri, alikuwa mpakiaji wa magogo katika kiwanda cha mbao karibu na Naro Moru. Ulikuwa mwaka wa sabini na moja. Jumatatu moja dereva alimwambia mwenye kiwanda, Bwana Gicheru, kwamba breki za lori zimekufa. Gicheru akamcheka: "Hii lori ilijua barabara kabla wewe hujazaliwa." Jumatano lori likashuka mteremko bila kushikika, likapinduka, magogo yakamlalia Theuri. Dereva alipona na mguu uliovunjika, na ndiye aliyemletea Warigia maneno hayo ya Jumatatu.

Mazishi yalipokwisha, Gicheru akatuma mbuzi sita. Hawakuletwa kwa mjane. Walipelekwa kwa Kingori, kaka mkubwa wa marehemu, maana desturi ya zamani ilisema damu ya mtu hulipwa kwa ukoo wake. Kingori akaweka kidole gumba kwenye karatasi ya Gicheru iliyosema familia imeridhika.

"Nani ameridhika?" Warigia alifoka pale uani. "Niliridhika lini mimi?"

"Nyamaza, Mama Murugi. Mambo ya damu ni ya ukoo. Wewe ulikuja hapa na kiondo tu."

"Na kiondo hicho kikawazalia watoto wanne!"

Wazee wa ukoo waliokuwa pale walicheka kidogo, kisha wakachinja. Walipomaliza kula walitangaza kuwa maneno yamekwisha.

Kwa Warigia hayakwisha. Alilima mashamba ya watu, akauza kabeji sokoni Nyeri, na Murugi, binti yake wa kwanza, akaacha shule kwa kukosa karo. Kila alipomwona Kingori kanisani akiimba kwa sauti nene, aligeuza uso.

Mteja wake mmoja alikuwa Kioko, karani wa korti, Mkamba mpole aliyependa kuzungumza akichagua kabeji. Siku moja aliuliza habari za baba watoto, naye Warigia akamwambia yote. Kioko akairudisha kabeji chini.

"Mama, hii maneno iko na muda gani?"

"Mwezi ujao ni miaka tatu."

"Uui! Sheria inakupa miaka tatu. Ikipita, mlango imefungwa. Mtu akiuawa na uzembe ya mwingine, wenye kudai ni bibi yake, watoto yake na wazazi yake. Ndugu hayuko hapo."

"Na kile kidole cha Kingori?"

"Kidole ya Kingori inafunga Kingori."

Mngedhani alifurahi. La! Hasira yake ilipata meno. Miaka karibu mitatu amepita mbele ya chifu, mbele ya mwalimu, mbele ya mzee wa kanisa, na hakuna hata mmoja aliyemwambia maneno hayo machache. Ilibidi ayasikie juu ya rundo la kabeji.

Kioko alimwelekeza kwa wakili mmoja kutoka magharibi mwa nchi, jina lake Seth. Wakili alikubali kesi, ila palikuwa na shida. Warigia hakuwa na cheti cha ndoa, na watu wa Gicheru wangesema alikuwa hawara tu. Alihitaji mtu wa kuapa kwamba alichinjiwa mbuzi wa ngurario, ile sherehe inayomfanya mwanamke wa Kikuyu kuwa mke kamili.

Kingori, aliyenoa kisu siku ile ya ngurario, alisema, "Sikumbuki." Wazee waliokula mbuzi wa Gicheru nao wakasahau.

Akabaki Wachuka, mama mkwe, ambaye naye alikuwa amekula nyama ile. Warigia alimkuta akipukuchua maharagwe. Hakubembeleza.

"Maitu, Theuri alitoka tumboni mwako. Sheria inasema hata wewe uko na haki. Utasahau kama wale?"

Mikono ya mkongwe ikasimama. "Ati hata mimi? Kingori aliniambia mama hana neno."

"Alikudanganya, kama alivyotaka kunidanganya."

Wachuka alichukua shuka yake. Ofisini kwa Seth hakukubali hata kuketi. "Huyu ni mke wa mwanangu. Mbuzi wa ngurario nilimwona akichinjwa kwa macho haya. Kingori alikula mbavu mbili, akaomba ya tatu. Andika!"

Madai yaliingia kortini zikiwa zimebaki siku nane.

Tarishi alipotumwa kumpelekea Gicheru karatasi, Warigia alikwenda naye hadi Naro Moru kumwonyesha mlango. Gicheru aliisoma, akatabasamu.

"Mama, kama ni pesa, si tungeongea tu nyumbani?"

"Pesa atasema jaji. Mimi nataka usimame mbele yake, kanisa na ukoo wakisikia, useme Jumatatu ile uliambiwa nini."

Tabasamu likaondoka. Gicheru akafungua mdomo, lakini Warigia aliinua mkono.

"Si hapa. Huko."