Mwongozo wa wageni wa mkutano Tabora: walivyonyunyiziwa marashi kisha wakapelekwa kwenye mizinga ya nyuki

Wakuu, heshima kwenu. Wakubwa shikamooni, wadogo mtajijua wenyewe.

Naandika nikiwa na akili timamu, sijaonja kitu, na chumvi sitaongeza hata punje. Mods, nawaomba msiuunganishe uzi huu na ule wa vivutio vya utalii. Hapa hakuna kivutio, kuna aibu tu.

Mimi naitwa Masanja, dereva wa Noah, nakaa Ipuli hapa Tabora mjini. Mnyamwezi halisi, mzee wangu ni wa Bukene.

Sasa, uliletwa mkutano wa kimataifa mjini kwetu. Watafiti wa ile njia ya zamani ya misafara, iliyotoka pwani ikapita Tabora mpaka Ujiji. Wageni wa kila rangi.

Kamati ya maandalizi ikatoka Dar. Yaani Tabora nzima hawakuona mtu wa kuingiza kwenye kamati. Sisi tukaambulia usukani.

Mkuu wao alikuwa Katibu, Mzaramo wa Kisarawe, mtu wa suti na maneno mengi. Akatugawia madereva kijitabu walichowatumia wageni, kinaitwa Taarifa Muhimu kwa Mgeni.

Wakuu, nilisoma nikakaa chini.

"Mgeni abebe nguo za kuogelea." Aogelee wapi, kwenye ndoo?

"Jioni furahia upepo wa bahari." Bahari! Bahari ambayo babu zetu waliifikia kwa miguu, miezi na miezi, mzigo begani!

"Agiza teksi kwa simu, itakufikia ndani ya dakika tano." Hapa kwetu unanyoosha mkono, bodaboda tatu zinakuja kukugombania, na mmoja wao mlisoma naye.

"Usitembee na begi. Liache hotelini, kuna vibaka wa pikipiki." Tabora hii? Hapa unasahau simu dukani, ukirudi unakuta mwenye duka amekuchajia!

Ukurasa wa sita ndio ukawaumbua kabisa. Walisahau kufuta jina la ule mji wa pwani walikokopi. Wasomi hao, wana vitambulisho vimening'inia shingoni, wamekopi na kupesti wakashindwa hata kufuta.

Hawakuandika vumbi. Hawakuandika kofia. Hawakuandika kwamba huku unamsalimia mtu kwanza, unamuuliza habari za nyumbani, ndipo unamuuliza njia. Ukianza na njia utaelekezwa, lakini watakusema ukishaondoka.

Haya, turudi kwa Katibu.

Kwa msiojua, Wanyamwezi na Wazaramo ni watani toka enzi hizo za misafara. Naweza kumtukana Mzaramo msibani kwake, akacheka, akanipa na chai. Ndiyo haki yetu.

Basi nikamvaa. Nikamwambia mbele ya watu, "Mzaramo ukipewa kalamu unachora nazi." Ukumbi ukacheka. Naye akajibu, "Mnyamwezi umejua lini kusoma? Wewe kazi yako kubeba." Tukaendelea hivyo siku mbili, kila tukikutana, madereva wanashika mbavu.

Nilijiona bingwa kwelikweli.

Siku ya tatu, wageni wakiwa bado hawajafika, nikapewa fomu za abiria wangu. Mmoja alikuwa Profesa, mama wa miaka sitini na kitu kutoka Ureno. Kwenye sehemu ya afya alikuwa ameandika kwa Kiswahili safi: "Nina aleji kali ya nyuki. Wakiniuma naweza kufa. Je, kuna sehemu ya ratiba nisiyopaswa kwenda?"

Chini yake kamati ikajibu: "Karibu sana. Ratiba yote ni salama."

Mimi nilikuwa na ratiba ya madereva, yenye vituo vyote. Ratiba ya wageni iliandikwa tu "ziara ya urithi wa njia ya misafara". Ya kwetu ilionyesha kwamba baada ya makumbusho ya Kwihara tunaelekea porini, upande wa barabara ya Urambo, kwa warina asali. Mizinga zaidi ya arobaini juu ya miti.

Nikamfuata Katibu. Nikamwambia, "Katibu, huyu mama asiende kule. Ana aleji ya nyuki."

Akanitazama, akapasuka kicheko. "Jamani njooni msikie! Mnyamwezi anaogopa nyuki! Dunia imekwisha!"

Nikamwambia, "Sitanii." Akasema, "Na mimi sitanii, nitakununulia chandarua." Watu wakacheka mpaka wakatoa machozi. Nilichoka. Siku mbili nzima nimewafundisha kwamba mdomo wangu hautoi kitu cha maana, leo nataka wanisikilize.

Nikakasirika. Nikasema moyoni, sawa, nenda, utaumbuka.

Huyu Profesa nilimbeba siku tatu. Kutoka uwanja wa ndege, hotelini, ukumbini, kurudi. Anakaa mbele na mimi. Kiswahili chake kimenyooka kuliko cha Katibu. Aliniuliza habari za mzee wangu, za mpunga wa Nzega, mpaka majina ya ng'ombe tuliokuwa nao Bukene. Alicheka sana aliposikia kuna mmoja aliyeitwa Mwenyekiti.

Siku ya ziara ikafika, saa mbili asubuhi, wageni wamejipanga mbele ya hoteli.

Wakuu, shikeni viti.

Katibu akatoa chupa za marashi na mirashi miwili ya shaba, vile vyombo vya kunyunyizia. Heshima ya pwani hiyo, kama harusini. Akawanyunyizia wageni wote, vichwani, mabegani, viganjani. Wananukia waridi kuanzia kisogoni mpaka kwenye soksi.

Mtoto yeyote wa Tabora anajua huendi kwenye mizinga unanukia. Mrina asali siku ya kazi hata sabuni ya kunukia haigusi.

Mabegi yakabaki hotelini, kwa sababu ya wale vibaka wa kwenye kijitabu. Profesa naye akaacha la kwake. Ndani yake kulikuwa na sindano yake ya dharura.

Na mimi? Niliwasha gari.

Tulipofika, mrina mwenyeji wetu, mzee mmoja mkavu, alinusa hewa akakunja uso. "Hawa mmewapaka nini? Wasisogee." Katibu akacheka, akasema ni heshima, akawaongoza mbele wakapige picha. Mizinga yetu ni magogo, iko juu, asiyejua hawezi kuitambua. Mimi nikabaki nimeegemea gari, mikono kifuani. Nasubiri Katibu aumbuke.

Haikufika dakika tano.

Sitaki kueleza sana. Watu walikimbia, viatu vikabaki. Katibu aliumwa usoni mpaka macho yakafunga, uso mzima boga. Hicho ndicho nilichokuwa nakisubiri, wakuu, na sikukifurahia hata kidogo, kwa sababu nyuma yake nilimwona Profesa amepiga magoti, ameshika koo.

Nilimbeba mgongoni. Nikamtupa ndani ya Noah, nyuki wengine tukaingia nao, nikaendesha kama kichaa mpaka zahanati ya kijiji tuliyokuwa tumeipita njiani. Midomo imevimba, pumzi inapiga filimbi, mara filimbi yenyewe ikaanza kufifia. Nilikuwa namwita, "Profesa! Profesa, usilale!" Nililia, sioni haya kusema.

Muuguzi wa pale, dada mdogo tu, hakuuliza maswali. Alimwangalia mara moja, akachoma sindano, akamlaza, akamwekea dripu. Bila yule dada leo ningekuwa naandika msiba. Mungu ampe maisha marefu.

Kesho yake nikaenda kumwona hospitali ya mjini. Nimebeba machungwa. Na hotuba nilikuwa nayo kichwani, nimeipanga vizuri: kijitabu, ukurasa wa sita, marashi, kila uchafu wa Katibu.

Nikampa pole. Hakuniachia nafasi ya hotuba.

"Masanja, fomu yangu uliisoma?"

Nikasema nilisoma.

"Na ulijua tunakwenda kwenye nyuki?"

Nikasema nilijua. Nikaongeza haraka, "Lakini Mama, nilimwambia Katibu! Nilimwambia, akanicheka!"

Akanigeukia. Uso bado umevimba, jicho moja halifunguki vizuri. Kisha akasema taratibu, bila hasira, na afadhali angenitukana:

"Katibu hana aleji, Masanja. Mimi ndiye ninayo. Siku tatu tulikaa pamoja. Uliniambia mpaka jina la ng'ombe."

Wakuu, niliweka machungwa mezani nikatoka, hotuba yangu nikarudi nayo.

Nilikuwa na kila taarifa aliyoihitaji yule mama. Sentensi moja tu ingetosha, tena kwa lugha anayoijua. Lakini nilitaka Katibu aonekane mjinga zaidi kuliko nilivyotaka Profesa awe salama. Huo ndio ukweli, na unanuka.

Funzo: mwenyeji ukijua hatari, mwambie mgeni mwenyewe. Usimwambie bosi, usiwaambie madereva wenzako, usimwambie mkeo usiku ukijisifu kwamba wewe uliona mapema. Na ninyi mnaokuja kwenye mikutano Tabora, vijitabu hivyo wekeni pembeni, muulizeni dereva. Mbaneni mpaka aseme, maana wengine tuna viburi.

Haya, uwanja wenu. Katibu nimeshamchamba vya kutosha, sasa nichambeni mimi.