Karibu Niliyoitoa Bila Kuinuka

Sikunywa. Naanzia hapo kwa sababu najua ndipo mtakapoanzia. Na umeme ulikuwepo jioni ile, taa zote zinawaka, kwa hiyo giza nalo msilisingizie. Haya yalitokea kwangu, Bellevue, hapa Johannesburg. Ningekuwa mtu wa kutunga, si ningejitungia kisa ambacho mimi mwenyewe niko hodari kidogo? Humu, niaminini, sehemu kubwa nimekaa kwenye kiti.

Kukaa ndicho kipaji changu. Mke wangu Nomsa alinikuta Morogoro, yeye binti wa wakimbizi wa Afrika Kusini, mimi kijana niliyemaliza kidato cha nne na kuketi kupumzika. Waliporuhusiwa kurudi kwao, akanibeba pamoja na mizigo mingine. Tangu hapo, Juni ikiingia na baridi yake hujifunga blanketi, nikavuta hita miguuni, nikatulia mpaka Septemba. Nomsa huwaambia wageni, "Huyu si mume, ni samani."

Sasa, kuna tamasha la muziki la majira ya baridi ambalo halitaki kumbi. Linazunguka miji kadhaa, na kila mji linatafuta mahali pasipo pake: Durban kwenye duka la kufulia nguo, Pretoria kwenye gereji ya matairi, Cape Town kwenye ghala la kugandishia samaki, kana kwamba baridi ya Mungu haitoshi. Hapa kwetu waliwahi kupigia kwenye maegesho ya chini ya ardhi, karibu na Joubert Park. Nomsa alikwenda. Mimi nilimtakia heri. Mwaka jana wakatangaza kwamba wanatafuta nyumba za watu, sebule za kawaida kabisa, na Nomsa akaiandikisha ya kwetu bila kuniuliza.

"Baba Lindiwe," akaniambia, "umekataa kuufuata muziki, basi muziki unakufuata. Kazi yako ni mlango tu. Lakini wena, huku si Morogoro. Usiseme karibu kabla hujachungulia."

Kabla sijafika mlangoni, lazima mumjue Gogo Thoko; gogo kwa Kizulu ni bibi. Uani kwetu kuna chumba kimoja cha peke yake. Zamani, nyumba ikiwa ya Wazungu, mama yake Thoko alikuwa mtumishi humu na alilala chumba hicho na wanawe wawili kwa kificho. Wazungu wakahama, mama akafa, Thoko akabaki. Mdogo wake, Sipho, aliruka ukuta akiwa kijana, akaenda kupigania nchi. Habari ya mwisho ni kwamba alionekana Tanzania. Baada ya hapo, kimya. Kwao, mtu akifia mbali, roho yake huendewa na tawi la mti maalumu, ikaitwa kwa jina, ikaletwa nyumbani huku ikielezwa njia nzima wanapopita. Lakini tawi unalipeleka wapi, ikiwa hujui alikolala?

Basi Gogo akangoja. Chumba kile kuta zinatoka maji, na kifua chake kilikoroma tukakisikia mpaka jikoni. Daktari alishasema hataimaliza baridi nyingine mle ndani. Binti yake wa Midrand alikuja kumbembeleza kila mwaka ahamie kwake, na jibu lilikuwa moja: "Sipho anakijua chumba hiki tu. Akija asinikute?"

Haya. Jumamosi, jua limezama, wageni wakaja. Wengine walibonyeza kengele, wengine walituma ujumbe kwa simu kwamba wako nje. Walipotimia nikafunga geti la chuma, ufunguo nikautia mfukoni, nikaketi koridoni na blanketi langu. Sebuleni msichana wa Cape Town akaanza kupiga fidla kubwa, ile ya kubanwa kwa magoti. Ilisikika kama mtu anayelia kwa adabu.

"Hodi."

Sikushtuka. Bellevue imejaa Wakongo, Warundi na Watanzania wenzangu, kwa hiyo hodi si muujiza. Nikasema ni jirani amefuata muziki.

"Hodi."

Hita ndiyo kwanza ilikuwa imekolea. Mnajua wenyewe, hodi ni tatu. Ya tatu isipojibiwa, mstaarabu hugeuza. Nikamwomba Mungu, mgeni awe mstaarabu wa mbili.

"Hodi jamani."

"Karibu!" nikasema, bila kuinuka.

Akawa ndani.

Hapa nisikilizeni vizuri. Geti halikulia. Ufunguo nilikuwa nimeukalia. Na mimi nikawaza nini? Nikawaza, afadhali, sikulazimika kusimama.

Alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, shati la mikono mifupi, makatambuga miguuni, vumbi jekundu mpaka magotini. Julai hiyo, mimi nimevaa soksi jozi mbili.

"Bwana mdogo," akaniambia, "habari za hapa?"

"Bwana mdogo? Hizi mvi unadhani ni unga? Shikamoo yangu iko wapi?"

Akacheka. "Samahani. Nimetoka mbali." Kiswahili chake kilikuwa na lafudhi ya Kizulu, kama cha mke wangu.

"Mbali wapi?"

"Morogoro."

"Kwetu! Umekuja na basi gani?"

"Kwa miguu."

Nikamcheka sana. Nikamwambia Wamorogoro tunajulikana kwa mengi, kutembea hakumo. Yeye hakucheka tena. Akauliza polepole, kama mtu anayeogopa jibu, "Kwa Thoko bado ni hapa?"

"Gogo Thoko? Yupo uani. Pita sebuleni, utokee jikoni."

Akarudi nyuma. "Sebuleni? Sisi hatupiti sebuleni. Huwa tunazunguka."

"Uzunguke wapi na baridi hii? Nyumba ni yangu, nasema pita."

Alivua makatambuga, akayashika mkononi, akaingia. Wageni walikuwa wamebanana, goti kwa goti, paka asingepita. Hakuna aliyemtazama wala aliyekunja mguu. Alipita. Msichana wa fidla peke yake alisita kidogo, akavuta mguu wake, kisha akaendelea.

Nikainuka. Ndiyo, niliinuka. Nomsa mpaka leo anasema hiyo ndiyo sehemu asiyoiamini. Kupitia dirisha la jikoni nikauona mlango wa Gogo umefunguliwa, naye amesimama, mikono kiunoni. Hakupiga kelele. Alimchapa kofi la bega, lile la dada kwa mdogo wake aliyechelewa chakula. Kisha akamvuta ndani.

Wageni walipokuwa wakiondoka, yule msichana akanifuata. "Baba," akaniuliza kwa Kiingereza, "naomba njia maana yake nini?" Kiswahili hajui hata salamu. "Kuna mtu aliniambia hivyo nikiwa napiga. Kwa heshima sana." Nikaenda getini. Lilikuwa limefungwa bado.

Asubuhi nikamkuta Gogo amefunga mizigo, anafagia chumba.

"Mgeni wako kaamkaje, Gogo?"

"Amekonda," akasema, akaendelea kufagia.

"Na mizigo?"

"Binti yangu yuko njiani. Nibaki hapa nimngoje nani tena?"

Gari lilipofika, akafungua mlango wa nyuma, akasubiri kama unavyomsubiri mtu akae vizuri, akaufunga taratibu. Yeye akakaa mbele, akashusha kioo. Tukamsikia, "Sipho, sasa tunaondoka. Sipho, hii ni roboti, taa nyekundu, tunasimama kidogo." Binti yake alifuta macho, akaendesha polepole.

Gogo yuko Midrand mpaka leo, kifua kimetulia. Asiyetulia ni mimi. Baridi hii hodi imekuja tena, safari hii sauti ya kike, na barazani hapakuwa na mtu. Nilisimama nyuma ya mlango, nikamuuliza anamtafuta nani. Akataja jina nisilolijua. Nikamwambia ukweli, kwamba hapa hayupo, ajaribu mtaa wa pili. Eish, sijui kama nilifanya vema.

Kwa hiyo nyinyi mnaokaa miji ya watu, nawaonya. Waliokwenda wasirudi ni wengi, na si kila anayerudi anamtafuta dada yake. Karibu si neno la kurusha kutoka kitini. Inuka, muulize kwanza anamtafuta nani. Lakini muulize kwa upole, maana huenda ametembea sana.