Ulimi wa Bernadeta

Bernadeta hakuwa mtu wa kukaa. Ukifika kwake alikuwekea kigoda, kisha yeye mwenyewe akabaki amesimama, ameegemea nguzo ya baraza, macho yakiwa shambani. Mara aliinama kuokota kipande cha chupa, mara aliingia ndani na kutoka bila kitu mkononi. Watu walisema ni bidii. Na mimi niliamini hivyo nilipoanza kazi ya ubibi shamba katika milima ya Mgeta, hadi siku nilipomwona akijaribu kutunga uzi kwenye sindano. Alijaribu, akajaribu tena, kisha akaichoma sindano kwenye ukuta wa udongo akaondoka. Vidole vyake vilikuwa vinacheza vyenyewe.

Shamba lake lilikuwa la mama yake, na kabla ya hapo la bibi yake. Kwetu Uluguruni ardhi hupita upande wa mama. Mwanamume huja kuoa na kulima pale alipomkuta mke. Mumewe, Ignas, alikuja hivyo, akalima miaka michache, kisha akateremka Turiani kutafuta kazi ya miwa na hakuwa mwepesi wa kurudi. Bernadeta akabaki na mteremko: nyanya chini karibu na kijito, kabichi katikati, njegere juu kabisa ambako ukungu hauondoki mpaka jua likomae. Ni mteremko mkali. Ukipiga dawa kwenye ngazi ya juu, aliye ngazi ya chini anaoga.

Zamani dawa ilitoka chama cha ushirika. Ilikuja katika kopo la bati lililozibwa, na karani alikuwa na kikombe cha kupimia alichokifunga kwa mnyororo kama mbuzi mwizi. Ilichelewa, mara nyingine haikuja kabisa, lakini ikija ilikuwa dawa. Kisha ikaja miaka ya ruksa, kila mtu auze atakacho. Chama kikalala, ghala likaachiwa popo, na kila mwenye mtaji wa begi moja akawa muuza dawa. Kwenye gulio la Nyandira alianza kuja kijana mmoja kutoka Kihonda, Rogers, mwenye kofia na maneno mengi. Alitandika turubai akapanga chupa za soda, za bia, hata za dawa ya kikohozi, zote zimejaa kitu cha rangi ya maziwa au ya chai ya rangi. Hazikuwa na karatasi wala jina.

"Hii ya viwavi, mama. Hii ya baka. Ukitaka ya vyote, nakuchanganyia hapa hapa."

Msimu wa kwanza Bernadeta alinunua, akapiga, na baka, ule ugonjwa unaounguza majani, ikala nyanya zake zote. Alikuwa amenyunyizia maji yenye rangi. Kwa siku nyingi alionekana akizunguka katikati ya yale mashina meusi, anaondoka, anarudi, kama mtu aliyeangusha kitu pale na hakumbuki ni kitu gani.

Gulio lililofuata alichuma bua la nyasi, akalichovya kwenye chupa ya Rogers kabla ya kulipa, akaligusisha kwenye ncha ya ulimi.

"Mama! Hiyo ni sumu!" Rogers akapiga kelele.

"Kama ni sumu nitainunua," akasema Bernadeta.

Ndivyo ilivyoanza. Dawa kali iliuuma ulimi kisha ikaufisha ganzi. Dawa iliyochakachuliwa haikufanya kitu. Akajitengenezea kipimo. Baada ya kuonja alianza kusali Salamu Maria kimoyomoyo. Ganzi ikifika kabla ya nusu ya sala, dawa ni kali mno, ongeza maji. Ikifika katikati, imekaa sawa. Akifika Amina na ulimi bado u hai, hayo ni maji ya mto, mrudishie mwenyewe. Msimu ule nyanya zake zilisimama wakati za wengine zinaanguka, na watu wakaona.

Wakaanza kuja kwake na ndoo zilizokwisha kuchanganywa. Waliziteremsha uani, wakangoja zamu kama wanaosubiri kusaga mahindi. Walisema jambo lile lipo kwenye damu: mama yake, marehemu Bibi Kristina, ndiye aliyekuwa akionjeshwa pombe ya kila harusi ili aseme kama imeiva au bado. Ulimi ule ulikuwa wa ukoo, sawa na shamba. Mtu akisema hivyo macho yake yalikwenda moja kwa moja kwa Hosiana, binti pekee wa Bernadeta, aliyekaa nyumba ya pili na mumewe Godfrey. Na kila macho yalipokwenda huko, Bernadeta alimtuma Hosiana kitu: kuni, maji, chumvi kwa jirani. Hakumruhusu asogee karibu na ndoo. Yeye mwenyewe angeonja dunia nzima, lakini mwanawe hapana. Hakueleza kwa nini. Nadhani mwili wake ulikuwa umekwisha kumweleza.

Mtani wake mkubwa alikuwa Severin, mume wa mdogo wake.

"Shemeji," alisema siku moja huku akitua ndoo, "ulimi huu ungekuwa mjini ungepewa ofisi na kiti cha kuzunguka."

"Na wewe ungekuwa mlangoni unafukuza mbwa."

"Ningefukuza mbwa na waume. Ignas angerudi angekuta nimefunga geti."

"Leta bua, mzembe wewe. Maneno yako hayaui viwavi."

Nilifika kwake mara nyingi na mafunzo yangu. Piga dawa upepo ukiwa mgongoni kwako. Funika pua na mdomo. Usichanganye kwa mkono, tumia mti. Nawa kwa sabuni kabla ya kushika chakula. Glavu hazikuwapo, kwa hiyo tulifunga mifuko ya plastiki ya rambo mikononi kwa kamba za migomba, na watu walicheka wakijiona wamekuwa na mikono ya vyura. Bernadeta aliyapokea hayo yote na akayafuata. La kuonja tu ndilo lililotushinda.

"Bibi shamba," aliniambia, "nikiacha, tutajuaje kama dawa ni dawa?"

Nilimwambia tununue kopo lililozibwa, dukani, mjini. Akaniuliza kama nimeona kizibo kinavyorudishiwa kwa mshumaa. Nilikuwa nimeona. Akaondoka kwenda kufunga mbuzi ambaye alikuwa amekwisha kufungwa.

Miaka ikapita namna hiyo. Alikonda. Jasho lilimtoka asubuhi ya baridi, mate yalimjaa mdomoni akawa anatema hovyo, jambo lililomwaibisha kwa sababu alikuwa mtu nadhifu. Alikuwa akianza kupalilia kabla hakujapambazuka vizuri, eti usingizi umemkataa. Kisha Hosiana akaanza kulalamika kuhusu mboga.

"Mama, chumvi hii ni ya kijiji kizima."

"Chumvi siku hizi haina nguvu. Na yenyewe wanaichakachua."

"Chumvi ni ile ile, Mama."

Bernadeta alisukuma sahani, akainuka, akatoka nje kutazama mvua ambayo haikuwa ikinyesha.

Severin alileta ndoo yake mwanzoni mwa mvua za masika, asubuhi, kabla hata ya uji. Bernadeta alichovya bua, akaonja, akasali hadi Amina. Ulimi haukusema kitu.

"Maji," akasema. "Ongeza dawa."

Severin akamimina zaidi. Bernadeta akaonja tena.

"Bado. Rogers kakuibia."

Severin akaongeza hadi chupa ikaisha. Hakuwa na bomba la kunyunyizia; aliitumia dawa kama wengi walivyofanya, kwa kuchovya fagio la matawi na kuikung'uta juu ya kabichi. Upepo wa bondeni ulipopanda ulimrudishia ile dawa usoni. Mkewe, Asia, alimkuta amelala kati ya matuta, povu mdomoni, misuli ya miguu inaruka kama samaki aliyetolewa majini. Wanaume walimbeba kwa kitanda kuteremka zahanati ya misheni. Bernadeta alitembea nyuma yao, anawapita, anangoja, anawapita tena. Severin alipona, lakini alirudi akiwa mtu wa polepole, mwenye macho yanayouma juani, na utani wake ulichukua muda mrefu kutoka kinywani.

Kijijini hakuna aliyesema Bernadeta amemuua nusu. Walisema jambo lililokuwa baya zaidi kwake. Walisema ulimi umezeeka, sasa ni zamu ya binti.

Wiki zile Bernadeta hakutulia hata kwa kiwango chake. Aliamka akaenda nyumba ya Hosiana, akakuta kila kitu salama, akarudi, akaenda tena. Akisikia hatua uani alitoka mbio. Alificha mabua, alifyeka nyasi zote ndefu zilizokuwa karibu na nyumba, kana kwamba mtu akikosa bua atakosa na la kufanya.

Walikuja Jumapili baada ya misa, wengine bado na nguo za kanisani. Mbele alikuwa Mzee Stefano, mjomba wake Bernadeta na mkubwa wa ukoo, mtu ambaye neno lake ndilo lililogawa mashamba. Baka ilikuwa imeonekana kwenye nyanya za bondeni. Walikuwa na ndoo moja iliyochanganywa, na hakuna aliyethubutu kuipiga tangu yaliyompata Severin. Nami nilikuwa pale. Bernadeta mwenyewe ndiye aliyeniita.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Hatukuja kwa ugomvi." Akageukia nyumba ya pili. "Hosiana! Njoo, mjukuu wangu."

Hosiana akaja, mtoto wake mgongoni amelala.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba. Unaiona ndoo hii? Mama yako amefanya kazi yake, Mungu ambariki, sasa apumzike. Kitu cha ukoo hakiachwi kikapotea."

"Mjomba, ananyonyesha," Bernadeta akasema.

"Bua tu, Bernadeta. Hatukumwambia anywe."

Nilisema na mimi. Nilisema kinachoingia kwa mama huenda kikaingia kwa mtoto, nikasema habari ya mishipa na ini. Walinisikiliza kwa heshima, kama wanavyomsikiliza mgeni anayetoa salamu za kwao. Mtu mmoja nyuma akasema, "Bibi shamba ana mshahara, baka haili mshahara," na wakacheka kidogo.

Hosiana hakucheka. Alikuwa na bua mkononi. Sijui alilipata wapi. "Mama," akasema taratibu, "ni kidogo tu. Nyanya zetu na zenyewe zimo. Mbona wewe umeonja miaka yote na upo?"

Bernadeta alimtazama. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, mwili wake wote ulisimama.

Kisha akaenda nyuma ya jiko, kwenye mche wa pilipili kichaa. Akarudi na kiganja kimejaa, nyekundu na mbichi. Akatia moja mdomoni akatafuna. Akatia ya pili. Akaendelea kutafuna mbele yetu kama mtu anayekula njegere, taratibu, na hakukohoa, macho yake hayakutoka machozi, uso haukukunjamana. Watoto waliokuwa uani walianza kucheka, halafu wakaacha. Mzee Stefano alivua kofia, akaivaa tena.

"Nipo?" Bernadeta akamuuliza binti yake. "Nina mwaka sijui ladha ya chumvi. Nina mwaka sijui ladha ya uji wa mjukuu wangu, napika kwa kukumbuka. Nilimwambia Severin maji, na hayakuwa maji." Akainua mikono yake juu ili wote waione inavyotetemeka. "Mjomba, hiki ndicho mnachotaka arithi?"

Severin, aliyekuwa amekaa kivulini kwa sababu ya macho yake, alisema kwa sauti yake mpya ya polepole, "Mwacheni mtoto wa watu." Hakuongeza utani wowote.

"Sasa tutajuaje?" akauliza Mzee Stefano, na ilikuwa dhahiri kwamba hakuuliza kwa ukali. Alikuwa mkulima, aliuliza kwa sababu alitaka kujua.

"Hatutajua," akasema Bernadeta.

"Nyanya zitaoza."

"Zioze."

Wakaibeba ndoo yao, wakaondoka wawili wawili bila kuagana sawasawa. Nyanya zilioza, za bondeni karibu zote, na Bernadeta hakupata hata fedha za kulipia karo ya watoto wa mdogo wake. Mwaka uliofuata wengine walihamia njegere, wengine waliendelea kununua kwa Rogers na kupiga kwa kubahatisha. Hakuna aliyemletea tena ndoo, na wapo waliopita nyumbani kwake bila kumwamkia. Nilimwona akiwatazama wakipita.

Lakini siku ile ya Jumapili, ua ulipobaki mtupu, alimnyang'anya Hosiana lile bua akalivunja. Akamshika mkono akamvuta hadi kijitoni, na kipande cha sabuni ya mche mkononi. Akamchutamisha kwenye jiwe, mtoto bado mgongoni, akaanza kumsugua vidole, kimoja kimoja, hadi kwenye kucha. Sabuni ikimponyoka kwa kutetemeka, aliifuata majini, akaishika, akaanza upya.

"Mama, sikugusa kitu," Hosiana akasema.

Bernadeta aliendelea kusugua.