Jina Langu Katika Kitabu cha Kambi ya Malale

“Rajabu bin Sefu,” karani Feruzi akasoma kwa sauti ya adhana, “anafungwa kamba, anavua nguo, anakimbilia ziwani, anasema yeye ni samaki sangala.” Rajabu ni mimi. Waliosikiliza ni watu waliokuja Rumonge kumposa binti yangu Zena, na aliyewaleta kambini wasikie hayo (nichekeni, nimekubali) ni mimi pia, maana walinong'onezwa kwamba kwetu kulikuwa na wazimu, nikasema twendeni, Wadachi wanaandika kila mgonjwa, kitabu kitatusafisha.

Kumbe nilisahau! Miaka mitano nyuma baba mkwe wangu alishikwa na malale, ugonjwa wa mbung'o unaomlaza mutu mchana na kumvuruga akili, na shemeji yangu Shabani, mwanawe wa kumzaa, aliposikia habari za sindano akakumbuka ghafla ana nyavu za kushona Magara, basi nikampeleka mimi. Mlangoni Feruzi akauliza, “Jina?” Sasa nani kwetu anataja jina la baba mkwe? Nikasema, “Andika langu, tutaelewana.” Akaandika, wala hakuinua macho. Mzee akapona, akaja kufa kwa homa nyingine, kitabuni likabaki jina langu.

“Si mimi!” nikapiga kelele mbele ya wageni.

“Iko nani basi?” akauliza Mzee Mabruki, mjomba wa bwana harusi.

Nikafungua mdomo, mke wangu Asha akanikazia macho, nikaufunga. “Ni… yule… mume wa aliyemzaa mke wangu.”

Wakatazamana. Kwa hasira nikageuka, kanzu ikanasa kwenye kigingi, ikapasuka mpaka kiunoni, na Feruzi akachovya kalamu: “Bado anavua nguo.”

“Pole, ndugu yangu,” Mabruki akaniambia taratibu, kama mutu anayembembeleza ng'ombe. “Utapona, inshallah.” Wakaondoka hata ndagala zetu, dagaa wa ziwani, hawakuonja. Zena hanisemeshi mpaka leo.

Naapa sitamwandikisha mutu tena popote. Lakini Feruzi, mzee mwenye mvi alikuwa amelala begani kwangu, wewe bila kuinua macho ukamwandika aliyesimama, ujibu! Na wewe Shabani, toka huko Magara, simama mbele ya Mzee Mabruki, mueleze aliyefungwa kamba ni nani, na kwamba malale huletwa na mbung'o, hayarithiwi. Ni baba yako. Mtaje.