Funda la Maji la Mwalimu

Kila asubuhi, kabla ya kipindi cha kwanza, mwalimu wa sayansi huja kwenye bomba la uani kwetu, lililo karibu na dirisha la darasa lake, hupiga funda la maji na kuondoka bila kulimeza. Nikimwamkia, "Shikamoo, mwalimu," hunipungia mkono tu, mashavu yamemvimba. Bibi husema ana maringo. Maringo wapi! Mtaala mpya unataka watoto wagundue majibu wenyewe, na yeye amezoea kuuliza swali, kulijibu, kisha kujipongeza. Mkaguzi alishamwonya: akiwajibia tena, darasa atapewa mwingine.

Juzi mkaguzi alikuja, akaketi nyuma kabisa. Mwalimu akatia machungwa mawili ndooni: lenye ganda likaelea, lililomenywa likazama. Akainua mikono, yaani, kwa nini? Mtoto mmoja akasema, "Limeona aibu, liko uchi." Darasa zima likaangua kicheko. Kupitia dirishani niliona mabega ya mwalimu yakitikisika na macho yakimtoka, kisha akawaonyesha ndoo kwa kidole, waendelee, akatoka mbio. Alipofika bombani aliyatema maji yote miguuni pangu.

"Marahaba!" akasema, akihema. "Ni hewa, mwanangu! Hewa iliyomo kwenye ganda!"

Papo hapo sauti ya msichana ikatoka dirishani: "Ganda lina hewa!" Mkaguzi akapiga makofi.

"Rudi basi, mwalimu," nikamwambia.

"Nikirudi nitawaeleza." Akauziba mdomo kwa viganja vyote viwili, akatokea lango letu la barabarani, wala siku hiyo hakurudi.