Kula ni Lazima

Kosa langu la kwanza katika sataranji halikuwa la kusogeza kete vibaya. Nilijidai kusoma kitu ambacho sikuweza kukisoma. Nilikuwa darasa la tano, nyumbani kwetu Nzuguni, na hadi leo robota la mitumba likifunguliwa karibu nami, ile harufu kavu ya dawa ya nondo ikichanganyika na vumbi la Dodoma, nalikumbuka. Mchezo wenyewe ulitoka ndani ya robota, na kosa langu likaufuata.

Jirani yetu Mama Rama, mwenyeji wa Kondoa, alikuwa akiuza nguo za watoto mnadani. Kiangazi kile, upepo ukiwa umeshaanza kuokota mifuko na kuitundika kwenye michongoma, alikuta kasha la mbao katikati ya vigauni na soksi. Alituita mimi na mwanawe Ramadhani, rafiki yangu wa kuchungulia daftari moja, akalisukuma kuelekea kwetu kwa mguu. "Haya, chukueni drafti yenu ya kizungu, mniache nifanye kazi." Kifuniko kilikuwa na miraba myeusi na myeupe, na ndani zililala kete za ajabu: vichwa vya farasi, minara, mtu mwenye taji. Zile zilizopotea tuliziba mapengo yake kwa vizibo vya soda na mbegu za ubuyu. Chini kabisa kulikuwa na karatasi ya maelekezo, kona moja imechanika, imeandikwa Kiingereza kitupu. Rama alinipa karatasi ile kwa mikono miwili, kama anampa mzee maji. "Wewe ndiye wa kwanza kwa Kiingereza," alisema. "Soma."

Hapa sina budi kukiri jinsi nilivyokuwa. Nilikuwa mtoto wa kufuta. Herufi moja ikipinda, nafuta neno zima, nafuta mpaka karatasi inatoboka, halafu nalia kwa sababu imetoboka. Mwalimu akiuliza swali nisilolijua, masikio yananiwaka kabla hajamaliza kuuliza. Na kuwa wa kwanza kwa Kiingereza kwetu sisi kulikuwa na maana ya kutaja herufi za neno bila kukosea. Kuelewa sentensi ilikuwa habari nyingine kabisa. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, lakini mimi sikuwahi kuwaamini. Kwa hiyo niliikunjua karatasi, nikatikisa kichwa taratibu kama mtu anayeelewa, nikaanza kufundisha.

Sehemu kubwa niliipata kwenye michoro, maana ilikuwa na mishale. Tuliketi kibarazani kwao, kasha likiwa juu ya ndoo iliyogeuzwa, tukijifunza kete moja baada ya nyingine. Ngome inakwenda moja kwa moja kama mtu mwenye hasira. Farasi anapiga hatua mbili kisha anakata kona, na ndiye peke yake anayeruka vichwa vya wenzake. Malkia anakwenda atakako. Mfalme, mwenye mchezo wake, anajikokota hatua mojamoja, na akikosa pa kukimbilia mchezo umekwisha. Tulipofika kwa askari, Rama aliukodolea macho mchoro. "Anatembea mbele, anakula pembeni? Huyu ana kengeza." Nilicheka, lakini aliponiuliza kwa nini, nilijibu papo hapo kwamba askari amebeba ngao kubwa, haoni mbele. Nililitunga pale pale. Rama aliitikia, na mimi nikaonja utamu wa kuaminiwa.

Katika drafti ya vizibo, ile ambayo kila mtoto wa mtaani kwetu aliijua kabla ya kulijua jedwali la kuzidisha, kula ni lazima. Ukiwa na kete ya kula usipoila, umevunja kanuni. Ndivyo baba zetu walivyocheza, kwa kelele na kugonga ubao. Basi siku ya pili ya sataranji, Rama aliponiachia farasi makusudi na mimi sikuona mtego, aliniuliza kama huku nako kula ni lazima. Karatasi haikunionyesha. Badala ya kusema sijui, nilitangaza: "Kula ni lazima." Rama akauliza, "Imeandikwa wapi?" Nikaweka kidole kwenye mstari mmoja wa chini, wenye herufi nzito. "Hapa." Kuanzia hapo ikawa sheria.

Mwezi wa kumi na moja baba yake Rama akapata shamba Haneti, na ikajulikana kwamba watahama kabla ya mvua kulainisha ardhi. Swali likawa kasha. Lilitoka kwenye robota la mama yake, lakini alitupa sisi sote wawili, na hakuna aliyetaka kugawana nusu ya farasi. Tukakubaliana: mchezo mmoja, mshindi analichukua. Tulicheza Jumapili baada ya mimi kutoka kanisani, nikiwa bado na shati la kwaya. Rama alikuwa amekua kuliko nilivyojua. Aliwafungua askari wangu kama mtu anayefungua mlango kwa kisigino, mpaka malkia wake akasimama karibu na mfalme wangu, ngome ikiwa nyuma yake ikimlinda. Ilibaki hatua moja. Niliiona, na nikaona ameiona. Zamu ilikuwa yangu na sikuwa na kinga yoyote. Ndipo nikamsukuma askari wangu wa pembeni kabisa, kule farasi wangu alikokuwa akilinda, nikamweka mahali ambapo malkia angeweza kumla.

Rama alinyoosha mkono kummaliza mfalme. "Kula kwanza," nikasema. "Askari huyo hapo."

"Eli, nakufunga hapa!"

"Kula ni lazima."

Alinitazama, kisha akaitazama karatasi iliyokunjwa ndani ya kifuniko, ile ambayo hakuweza kuisoma. Alimla yule askari. Farasi wangu akamla malkia wake. Baada ya hapo mchezo kwa Rama ulikuwa kama kukamua ng'ombe aliyekwisha kukauka, na jioni nilirudi nyumbani na kasha kichwani.

Dada yangu Yunisi, aliyekuwa sekondari, alilikuta kasha mezani kesho yake. Nilimwomba anisomee ule mstari wa herufi nzito. Nadhani nilitaka anithibitishie. Alisoma, akacheka. "Inasema usimpe mtoto mdogo, anaweza kumeza kete." Nikamuuliza kuhusu kula. Akapekua karatasi yote. "Hakuna lazima. Unakula ukitaka." Masikio yaliniwaka hadi shingoni. Nilikuwa na siku mbili za kuvuka uchochoro na kusema maneno mawili: nilikudanganya, Rama. Siku ya kwanza nilifika mlangoni, nikamwamkia Mama Rama shikamoo, nikajidai nimetumwa chumvi. Siku ya pili sikutoka ndani.

Asubuhi ya safari, lori likinguruma, nilipenya kati ya masufuria na magodoro, nikalichomeka kasha kwenye gunia la vyombo. Rama aliniona. Aliruka chini akanikumbatia kwa nguvu. "We Eli! Una roho nzuri sana." Mama yake akaongeza, "Mungu akubariki, mwanangu." Lori likaondoka na vumbi lake. Nilikuwa nimemrudishia kasha na kumwibia shukrani.

Husemwa njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa na urefu wa miaka ishirini. Mwaka jana, kazi yangu ya kufunga umeme wa jua, ambayo nayo nilijifunza mwenyewe kwa kuunguza nyaya nyingi, ilinifikisha Haneti. Nikauliza, nikaelekezwa kwenye mashine ya kukamua alizeti. Nje, kwenye harufu nzito ya mashudu, watoto wawili walikuwa wameinamia kasha lililopauka. Binti mmoja, mwenye umri wa kama miaka tisa, alikuwa akimfokea mwenzake: "Kula ni lazima! Huyo hapo, mle!"

Rama alitoka akijifuta mafuta mikononi, akapiga kelele, "Mwalimu!" Tukasalimiana, tukaulizana za wazazi. Nilijua nikisubiri chai nitaomba chumvi tena. Nikamweleza palepale, tukiwa wima. Mstari, kidole, Yunisi, siku mbili. Hakucheka.

"Kwa hiyo siku ile nilikufunga."

"Ulinifunga."

"Miaka yote nimewaambia watu kuna mtu mmoja tu sijawahi kumfunga." Akavuta kigoda. "Panga."

Nilizipanga kete bila kufikiri, maana mpangilio wa siku ile sikuwahi kuusahau. Yeye hakumgusa yule askari. Alimsogeza malkia hatua moja, taratibu, akauacha mkono wake juu yake kidogo. Mfalme wangu hakuwa na pa kwenda. Hapo ndipo Rama alipocheka, akacheka mpaka akajishika mbavu, kisha akamwita yule binti, ambaye ni mwanawe. "Mwamkie baba yako mkubwa. Ndiye aliyekutungia ile kanuni."

Binti aliniamkia, akanipima kwa macho. "Kwa hiyo tunacheza vibaya?"

"Mnacheza mchezo wangu. Wa kweli, kula ni hiari."

"Na kwa nini askari anatembea mbele, halafu anakula pembeni?"

Rama alinitazama, akisubiri ngao.

"Sijui," nikasema. "Nenda kaulize, ukijua uniambie."

Bado nafuta. Barua ya kazi naiandika mara nne, na nyaya nazikagua mpaka wenye nyumba wanachoka. Lakini nikiulizwa nisichokijua, nasema sijui, kwa sauti, mbele ya watu, na masikio hayaniwaki tena.